Pete ya Luhende

Sogeeni. Hadithi ya leo sina jibu lake, na tangu niijue imeninyima raha.

Palikuwa na watu watatu. Minza alikuwa na moyo wa kulea, Kocha Dalton alikuwa na jicho la kuona nguvu iliyojificha, na Odell alikuwa na ulimi mwepesi. Wote walimpenda mtu mmoja: Luhende, mdogo wake Minza, mtoto wa Shinyanga, mpana hata mlangoni alipita kiubavu.

Wazazi walipofariki, Minza aliacha masomo, akakaanga maandazi na kumlea mdogo wake mpaka kijana akapata shule Marekani. "Nenda," alimwambia. "Ukifika wewe, nimefika mimi."

Huko Kocha Dalton alimwona akicheza mpira wa kikapu, vibaya kweli, akacheka. Akamhamishia kwenye mpira wao ule wa kofia ngumu na kuangushana, akamweka safu ya mbele. Kazi ya safu hiyo ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mwenzao anayerusha mpira. Mpira wenyewe huugusi, na jina lako hutajwa ukikosea tu. Kocha akamfundisha kutanguliza paji la uso. "Kichwa kikifika kwanza, mwili utafuata," alisema. Luhende akawa ukuta, na timu kubwa ikamchukua pamoja na kocha wake.

Odell alisimama ubavuni pake safuni miaka yote. Msimu waliotafuta ubingwa, Luhende alianza kuona kizunguzungu kila alipogongana na mtu. Watu wa safu ya mbele wana desturi yao: mwenzao akiumia hasemwi, anafichwa. Basi uwanjani Odell akawa anamnong'oneza upande wa kuelekea, "Kushoto. Sasa kulia." Siku ya fainali daktari, akipima kama akili yake iko sawa, alimuuliza Luhende yuko mji gani. Odell akadakia jibu kwa mzaha, daktari akacheka na kwenda zake. Wakawa mabingwa. Kila mchezaji akavishwa pete, nene kama nati ya trekta.

Haikupita miaka mingi, Luhende akaanza kupotea njia ya kwake. Alimwita dada yake waishi wote, akamkabidhi ile pete. "Siku nitakayosahau jina langu," alisema, "mpe aliyenifanya niipate."

Siku hiyo ilifika angali kijana. Minza, kwa kuwa ni mtu wa haki, akawaita wale wawili.

"Bila mimi angekuwa bado anakosa vikapu," alisema Kocha.

"Na bila mimi asingemaliza fainali," alisema Odell. "Nilikuwa macho yake."

"Bila mimi msingemwona kabisa," alijibu Minza. Aliitaka ile pete, tena sana. Ujana wake wote aliona umo mle.

Kisha akashtuka. "Odell, kwa nini alihitaji macho yako?"

Odell akasema yote: kizunguzungu, minong'ono, daktari. Kocha alikumbuka somo lake la paji la uso, lililomgongesha kichwa miaka yote, akainama asiweze kumtazama mtu. Minza alipandwa na hasira, akatamani kuwatoa nje wote wawili. Ila wiki ile ya fainali Luhende alikuwa amempigia simu akisema, "Dada, kichwa kinaniuma. Nataka kurudi nyumbani." Naye akamjibu, "Vumilia, mdogo wangu. Mvumilivu hula mbivu." Hilo nalo aliwaambia, akalia kwa uchungu.

Basi pete waliyoigombea ikaanza kusukumwa.

"Chukua wewe, Kocha," alisema Odell.

"Mpe dada yake."

"Siitaki," alisema Minza, akaiacha mezani.

Luhende alikuwa amekaa palepale muda wote. Aliiokota, akaigeuzageuza, kisha akamuuliza Minza kwa adabu ya mtu aliye ugenini, "Samahani, mama. Hii ni ya nani?"

Ndio hao watatu. Mmoja alimlea na kumwambia avumilie, mmoja alimfundisha, mmoja alimficha. Kila mmoja alimpa ubingwa, na kila mmoja alimnyang'anya akili yake, kwa kumpenda. Mimi nimeshindwa kuamua. Wewe uliyenisikiliza, mtu yule ameshika pete na anakutazama usoni: je, ungemwambia ni ya nani?