Nyumba Iliyosalia Munanga

Hapo zamani, watu walipokuwa wakihama kama wanavyohama leo, palikuwa na kilima kiitwacho Munanga, na juu yake waliishi majirani wawili, Ruhaga na Kashindi. Sogeeni mnisikie vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na asiyesikiliza asijibu.

Ruhaga alijenga nyumba yake kwa mikono yake. Alikata miti, akakandika udongo, akapanda migomba nyuma. Babake alipokufa akamzika hapo hapo, pembeni ya migomba. Ng'ambo ya kijia palikuwa na nyumba ya Kashindi na mkewe, Ndaya. Waliombana moto, waliombana chumvi, na mmoja akiugua mwingine alimwuguza.

Kisha vita vikaja. Wakuu wawili waligombania bonde, watu wa Munanga wakawa katikati. Habari zikafika kwamba askari wanachoma nyumba, kilima baada ya kilima. Ruhaga akamfunga binti yake mchanga, Siwema, mgongoni mwa mkewe, akavuka kijia.

"Jirani, sisi tunaondoka. Twendeni."

"Ndaya hawezi kutembea," Kashindi akajibu. "Mguu umevimba. Sisi tunabaki."

"Basi nitunzie nyumba. Vita vikiisha nitarudi."

"Nenda, ndugu yangu. Nitaitunza kama yangu."

Wakashikana mikono. Ruhaga akaondoka.

Askari walifika. Kiongozi wao alikuwa mtu aliyechoka, hata hasira hakuwa nayo. Akauliza, "Nyumba hizi mbili ni za nani?"

"Zangu," akasema Kashindi, maana alijua nyumba ya aliyekimbia haiachwi bila kuchomwa.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Nimeambiwa nisipite kilima bila kuchoma. Nawe huwezi kulala nyumba mbili. Chagua moja ibaki."

Kashindi akatazama nyumba yake. Akatazama nyumba ya Ruhaga. Ndaya alikuwa amemshika mkono, akiuminya. Kashindi akanyoosha kidole kwenye nyumba yake mwenyewe. "Choma hii."

Wakaichoma. Baadaye watu walimwuliza sana kwa nini, naye alijibu, "Yangu ikiungua najua pa kuanzia. Ya mtu mwingine ikiungua, ningemwambia nini?" Ndaya alipoulizwa, aliinuka na kwenda kuchota maji. Wakahamia nyumba ya Ruhaga, wakaishi humo.

Na Ruhaga? Alitembea. Akatembea, akatembea. Njiani mkewe akashikwa na homa, akafa, akamzika mchangani mahali ambapo hata yeye hakuweza tena kupaonyesha. Akamfunga Siwema mgongoni mwake, akatembea tena mpaka akafika mji wa ziwani. Watu wa huko walimpa kazi ya kubeba mizigo, wakampa pa kulala. Walisali kuelekea Kibla, naye akasali pamoja nao. Wakamwita Sefu, akaitika. Binti yake akakua akiongea lugha yao.

Vita viliisha. Habari zilimfikia, tena mapema. Kila msimu alisema, mwaka huu narudi. Kila msimu alikumbuka kwamba atafungua mlango ule bila mkewe, na miguu ikakataa. Hakurudi. Hata salamu hakutuma.

Sasa msikilizeni huyu wa tatu. Alikuwa mwanamke, jina lake Nyamweru, mtu wa tambarare ya mbali ambako hakukuwa na vita bali ukame. Mvua iligoma, ng'ombe wakafa, visima vikakauka, mumewe akaenda kutafuta malisho asionekane tena. Nyamweru akambeba mama yake kipofu, watoto wakamfuata, akatembea. Kila alipofika aliambiwa: pumzika, kunywa maji, halafu endelea. Akapumzika, akanywa maji, akaendelea. Kijiji cha mbele: pumzika, kunywa maji, halafu endelea. Akafika Munanga. Pale kijiani, mbele ya mlango wa Ruhaga, mama yake akasema, "Mwanangu, nishushe. Siendelei tena."

Kashindi alikuwa mlangoni. Akamtazama yule bibi, akawatazama watoto, midomo imepasuka. Akamgeukia mkewe. Ndaya akasema, "Usinitazame mimi. Unajua tayari utakachofanya."

Kashindi na Ndaya wakatoa vitu vyao, wakajijengea kibanda cha nyasi ukingoni mwa shamba, maana upande wao wa kijia mvua zilikuwa zimesomba udongo wote, umebaki mwamba. Kashindi akamwambia Nyamweru, "Kaeni. Lakini nyumba hii ina mwenyewe. Akirudi, mtatoka."

"Tutatoka," akasema Nyamweru. Siku hiyo angekubali lolote.

Nyumba yenyewe ilikuwa imechakaa. Kashindi alikuwa amezeeka, paa lilivuja, mchwa walikuwa wamekula nguzo, na mvua zilikuwa zimesomba udongo wa shamba mpaka mawe yakaonekana. Nyamweru akabadilisha nguzo moja baada ya nyingine, akaezeka upya. Akachimba matuta kukata mteremko, akabeba udongo kutoka bondeni kwa kikapu, kichwani, msimu baada ya msimu, mpaka shamba likarudi kuwa shamba. Aliwapelekea Kashindi na Ndaya sehemu ya mavuno, hakuwasahau. Mama yake akafa. Akamzika karibu na kaburi la babake Ruhaga, akamsimikia msalaba wa mti, maana kwao walikuwa wamebatizwa. Alifagia makaburi yote mawili.

Kisha, huko ziwani, mambo yakageuka. Chakula kikapungua, na watu wakaanza kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Walewale waliomwita Sefu wakasimama mlangoni kwake. "Ruhaga, rudini kwenu." Siwema alikuwa mjamzito. Mumewe, mwenyeji wa pale, akasema atawafuata. Hakuwafuata.

Wakatembea, mzee na binti yake, wakapanda Munanga mchana wa jua. Ruhaga akamwona mwanamke asiyemjua akianika mtama uani.

"Hodi."

"Karibu. Pumzikeni, niwaletee maji."

"Maji nitakunywa, mama. Lakini mimi si mpita njia. Mimi ni Ruhaga. Hii ni nyumba yangu."

Nyamweru aliweka ungo chini. Akaketi palepale mavumbini.

Wakaenda kwa mtwale, yaani mkuu wa kile kilima. Watu wakakusanyika. Mtwale akasema kila mmoja aongee.

Ruhaga akasema, "Nilijenga mimi. Babangu amelala pale. Sikuuza, sikugawa. Nilifukuzwa hapa, nimefukuzwa na kule. Mkinifukuza na nyumbani kwangu, niambieni basi kwetu ni wapi."

Nyamweru akasema, "Kweli niliahidi kutoka. Lakini niliahidi kutoka kwenye nyumba inayoanguka na shamba la mawe. Ile haipo tena. Nguzo ni zangu, udongo ni wangu, nimeubeba kwa shingo hii. Na mama yangu amelala palepale alipolala babake. Na huyu Ruhaga alijua kuna mtu anamtunzia. Mbona hakutuma hata salamu?"

Ruhaga akainamisha kichwa.

Kashindi hakutaka kusema. Ndaya akasema badala yake. "Mume wangu hajui kudai, nami nimechoka kunyamaza. Bila yeye hapa pangekuwa na majivu tu, wala msingekuwa na cha kugombania. Nyumba yangu iliungua ili hii ibaki. Nimelala kwenye nyasi ili huyu mama alale ndani. Mimi ni mzee, mtwale. Nataka kufa chini ya paa lisilovuja."

"Lakini uliigawa isiyo yako," Ruhaga akamwambia Kashindi, taratibu.

"Niliigawa," Kashindi akajibu. "Ungekuwepo, ungewaambia waendelee?"

Ruhaga akawatazama watoto wa Nyamweru.

Watu wakasema, wagawane. Mtwale akatikisa kichwa. Shamba lilikuwa jembamba, linalisha nyumba moja na kubakiza kidogo tu. Likikatwa mara tatu, wote wangelala njaa, na kabla ya mwaka kwisha wote wangekuwa barabarani. Akauliza kama kuna mwenye kipande cha kutoa. Kilima chote kilikuwa na wenyewe, na kila mwenye kipande akatazama pembeni.

"Mmoja atabaki," akasema mtwale. "Wengine watafunga mizigo kabla ya mvua."

Hapo Siwema akashika tumbo, akapiga magoti. Safari ilikuwa imemharakishia uchungu. Nyamweru ndiye aliyemfikia kwanza, akamwinua, akamwingiza katika nyumba ile, akamlaza kitandani kwake. Ndaya akachemsha maji, akamzalisha, maana ndiye aliyejua. Ruhaga na Kashindi walikaa nje ukutani, bega kwa bega. Mtoto akalia. Mvulana.

Mtwale akasema, "Sifukuzi mzazi. Kitovu cha mtoto kikidondoka, nitahukumu."

Siku zile wote walilala chini ya paa lile. Wazee, wanawake, watoto, wakabanana. Asubuhi Ruhaga alisujudu uani, Nyamweru aliomba penye msalaba wa mama yake, Kashindi alimwaga maji kwa mizimu ya kilima, na chungu kilikuwa kimoja. Hawakucheka sana, hawakugombana. Ghala likapungua haraka mpaka Nyamweru akaanza kuwapakulia watoto tu.

Kitovu kikadondoka. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya juu ya bonde. Watu wakajaa uani. Ruhaga akasimama na binti yake na mjukuu wake. Nyamweru akasimama na watoto wake. Kashindi akasimama, amemshika Ndaya asianguke. Mtwale akawatazama mmoja mmoja. Hukumu ikamshinda. Kisha akawageukia watu wote waliokuwa wamekusanyika, akawatupia swali hili, na mimi nawatupia nyinyi, msikimbilie kujibu:

aliyeijenga akaiacha, aliyeiokoa akaigawa, na aliyeifufua akaahidi kutoka. Je, nani alistahili kubaki Munanga?