Sufuria la Nakijwa Lililokwenda Harusini

"Chombo cha kuazimwa hakitunzi siri." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, sasa mwataka kujua msemo umetoka wapi. Tulieni, wajukuu zangu, mimi nilikuwepo.

Mdogo wangu Nakijwa alikuwa akitumiwa sarafu za mtandaoni na mwanawe aliye ughaibuni. Alizitunza kwenye pochi ya simu ili mumewe apasuliwe mtoto wa jicho. Pochi ile ilimpa maneno kumi na mawili. Simu ikifa, unayaandika kwenye simu nyingine, pochi inafunguka. Lakini mwingine akiyapata, fedha ni zake.

"Karatasi italiwa na mchwa," Nakijwa akawaza. Akachukua msumari, akayachonga kwenye kitako cha sufuria lake kubwa, kama tunavyochonga majina yetu vyombo visipotee shughulini. Akajiona mjanja!

Jumamosi moja simu ikamtumbukia kwenye makande yanayochemka. Hospitali ni Jumatatu! Akacheka tu, akaenda kuchukua sufuria. Halipo. Mumewe, asiyeona vizuri, ameliazimisha harusini.

Tulikimbia, jamani, kanga mkononi! Tukalikuta mafigani, pilau limejaa pomoni.

"Mama Senkondo, lipindue!" Nakijwa akamwambia mpishi mkuu.

"Nipindue pilau la watu themanini? Wifi, umelogwa?"

"Nataka kuona chini tu."

"Chini kuna masizi. Kwani umeficha mume?"

Wapishi wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Kumbe ni lile lenye maandishi! Asubuhi tuliyasoma kwa sauti, tukadhani ni sala."

Nakijwa akakaa chini pu!

Pilau lilipopakuliwa, tulilivamia sufuria kwa mchanga na majivu. Neno la kwanza likatokea. La pili! La tano! Nakijwa akayaingiza kwenye simu yangu. Fedha zote zipo! Nilipiga vigelegele kumshinda mama wa bwana harusi.

Papo hapo akafungua pochi mpya yenye maneno mapya, akahamishia fedha zote humo. Hayo mapya aliyachonga kwenye vibati viwili. Kimoja kipo kwenye kasha lenye kufuli, kingine mbali na nyumba yake. Wapi? Sijui, na sijauliza.

Jumatatu, wakingoja mlangoni kwa daktari, mumewe alimwambia, "Mke wangu, nisamehe. Nilikaribia kutuangamiza."

"Wewe ulimsaidia jirani," Nakijwa akajibu, akimshika mkono. "Kosa ni langu. Chombo cha kuazimwa hakitunzi siri."