Mabakuli ya Wifi Siku ya Posa

Kisa hiki nimetumiwa na mtu ninayemwamini, nami sikuona vyema kiishie kwangu. Kisome polepole, kisha mpelekee yeyote unayejua anajiandaa kupokea wageni.

Muheza palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Tunu. Alikuwa mpishi hodari, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Harusini na msibani watu waliulizana kwanza nani anapika, na wakiambiwa ni Bi Tunu, walikaa mkao wa kula.

Binti yake, Zuhura, alipopata mchumba, ikapangwa siku ya upande wa mume kuja kuposa. Baba wa kijana alikuwa Mzee Semboja, mtu wa heshima zake, mwenye mwili mkubwa na sifa ya kutoacha kitu siniani kila alikoalikwa. Bi Tunu akasema moyoni, "Huyu ndiye atakayenitangaza."

Asubuhi ya siku hiyo, nyama ikiwa jikoni, aliingia wifi yake, Mwanahawa, dada mkubwa wa mumewe. Mwanahawa alikuwa mjane. Alimuuguza marehemu mumewe kwa muda mrefu, na katika kuuguza huko alijifunza kupika bila mafuta, chakula ambacho mgonjwa hakioni kuwa ni adhabu.

Alitua kapu, akatoa mabakuli matatu. Moja lilikuwa na biringanya zilizochomwa kwenye makaa, zikamenywa na kupondwa pamoja na kitunguu saumu na ndimu. La pili lilikuwa na maharage meupe yaliyopondwa yakawa laini kama uji mzito, yakatiwa bizari nyembamba. La tatu ni chatne ya kotimiri na nyanya, yenye pilipili kwa mbali. Pembeni alikuwa amepanga karoti, matango na pilipili hoho, vyote vimekatwa vipande virefu vya kushika kwa vidole.

"Wifi, hivi ni vitu gani?" Bi Tunu akauliza.

"Vya kuchovya. Unashika kipande cha karoti, unachovya, unakula. Hamna nyama, hamna maziwa, hamna nazi wala tone la mafuta."

Bi Tunu akayatazama yale maharage, uso ukamwaka. Ulikuwapo wakati mumewe alikosa kazi, na nyumba nzima ikaishi kwa maharage ya kuchemsha, majirani wakiona. Hakutaka mtu akumbuke.

"Wifi, leo si siku ya maharage. Watasema tumefulia."

"Yaweke hata pembeni ya jamvi. Huenda yupo atakayeyataka."

"Nani? Mzee Semboja? Aache pilau atafune karoti kama sungura?"

Wasichana waliokuwa wakimenya vitunguu wakacheka. Mwanahawa hakucheka. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Yaweke tu, Tunu. Nakuomba."

"Wifi, hapa ni kwangu."

Bi Tunu akayabeba yale mabakuli mpaka uani, akayamwaga yote kwenye chombo cha kuku ili maneno yaishe. Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, akaona. Hakuondoka, maana ilikuwa siku ya mtoto wa ndugu yake. Alijifunga kanga vizuri, akaenda kukaa na kina mama nyuma ya nyumba.

Wageni wakaja, wakakaribishwa. Masinia yakatandazwa: pilau la mbuzi, mchuzi wa nazi, sambusa. Mzee Semboja alinawa, kisha akatupa macho huku na huku juu ya jamvi, kama mtu anayetafuta kitu alichoahidiwa. Akachukua ndizi mbivu, akaimega. Akaonja kachumbari. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba."

Ndugu wa upande wa mke wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba mtu asiyetaka kula nawe hataki udugu nawe.

Neno hilo likamfikia Bi Tunu nyuma ya pazia. Hakungoja. Akatoka mpaka mbele ya wageni.

"Mzee, chakula chetu kina kasoro?"

"Hakina, mama. Kinanukia vizuri sana."

"Basi kimekukosea nini? Mtu anayekataa mkono wangu, mwanangu nitampa kwa moyo gani?"

Mke wa Mzee Semboja, Mama Shafii, alitaka kusema neno, mumewe akamzuia kwa kiganja. Kisha akalivuta sinia. Bi Tunu mwenyewe akainama, akamwekea pande la nyama lenye mafuta kuliko yote, na alipolimaliza akamwongeza. Mzee alikula taratibu, akitazama chini. Watu wakapumua, mazungumzo yakarudi, na Bi Tunu akarejea jikoni akitabasamu.

"Si niliwaambia?" akawaambia wale wasichana.

Baadaye, mshenga akiwa bado anazungumza, Mzee Semboja alijishika chini ya mbavu za kulia. Jasho likamtoka. Akajaribu kuinuka bila kuaga, akafika mlangoni, akapiga magoti, akatapika mbele ya viatu vya watu. Wanaume wakamwinua na kumpakia garini kumkimbiza hospitali.

Mama Shafii, akihangaika kuvaa viatu, alimgeukia Bi Tunu. "Mwenzangu, yale mabakuli ya Bi Mwanahawa yalikuwa wapi?"

"Mabakuli gani?"

"Ya kuchovya. Nilimwomba mimi. Mume wangu ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, anasubiri kupasuliwa, na daktari amemkataza mafuta. Aliona haya kujitangaza mgonjwa kwa wakwe. Nikamwendea Bi Mwanahawa kwa siri, nikijua amepitia kuuguza. Akaniambia, njooni tu, mkwe hatakosa cha kula."

Macho ya Bi Tunu, bila yeye kutaka, yalikwenda uani. Mama Shafii akayafuata. Kuku walikuwa wamezunguka chombo chao, wakidonoa, midomo imegandwa na weupe wa maharage, na vipande vya karoti vimetapakaa mchangani.

Mama Shafii alitazama, akaelewa. Alitoka akaliwahi gari.

Bi Tunu akabaki amesimama. Wifi yake alipopita, akamshika mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Siri haikuwa yangu," Mwanahawa akasema. "Wala sikudhani mgeni angelazimishwa kula. Langu lilikuwa kukuomba, na nilikuomba."

Jioni hiyo watu walikula pilau lililobaki, wakalisifu. Bi Tunu hakuligusa. Zuhura alikuwa chumbani. Mtoto hakumlaumu mama yake, na hilo lilimuuma zaidi ya lawama.

Mzee Semboja alipasuliwa, akaamka salama. Bi Tunu alikaa siku kadhaa bila kutoka nje, hata dukani akituma watu. Mwishowe mumewe akamwambia, "Aibu haifi kwa kujifungia. Twende."

Njia nzima alipanga maneno. Alipofika wodini, akamkuta Mwanahawa ameketi kando ya kitanda, anampoozea mgonjwa uji. Kumbe alikuwa akija kila siku, na hakuna nyumbani aliyejua. Maneno yote yakampotea Bi Tunu. Akapiga magoti.

"Inuka, mama," Mzee Semboja akasema, sauti bado nyonge. "Mdomo uliokula ni wangu. Mtu mzima mimi, nikaogopa kuonekana siwezi kula. Ningesema neno moja tu pale jamvini, tusingefika hapa."

Bi Tunu alitamani kulipokea hilo. Lingempunguzia mzigo. Lakini alimwona wifi yake ameinamia kikombe, akashindwa.

"Hapana, mzee. Wewe ulificha maradhi yako, na maradhi ni yako. Mimi niliombwa kwa heshima, nikamcheka aliyeniomba mbele ya watoto. Halafu nikakulisha kwa maneno makali ili nisifiwe."

Mzee akasema, "Posa yetu iko palepale. Kijana na binti hawana kosa."

Bi Tunu akainamisha kichwa zaidi. Kama angetukanwa, angejua la kufanya.

Aliporudi nyumbani aliwaita wale wasichana waliocheka jikoni, wote, akamwita na Mwanahawa. Mbele yao akasema, "Siku ile nilimvunjia wifi yangu heshima, na nyinyi mkacheka kwa sababu yangu. Aliyekosa ni mimi. Wifi, nisamehe. Na kama utakubali, nifundishe kupika kile nilichokimwaga."

"Nimekusamehe," Mwanahawa akasema. "Kusahau bado, nisikudanganye. Nipe muda."

"Ni haki yako, wifi."

Mwanahawa akavua viatu, akaingia jikoni, akauliza biringanya ziko wapi. Bi Tunu akachochea makaa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile, akasimama pembeni ya jiko lake mwenyewe akingoja kuambiwa la kufanya.

Funzo: Usikionee haya chakula kinachomfaa mgeni wako, ona haya unapomlisha mgeni ili usifiwe wewe. Na ndugu yako akikuomba jambo dogo kwa upole, likubali hata kama hajakupa sababu, kwani huenda anamsitiri mtu.