Maji ya Kwanza ni ya Mfereji

Waumini waliotutangulia walituachia habari ya mama mmoja wa milima ya Upare, jina lake Persida, aliyebatizwa wakati Injili ilipokuwa ingali ngeni huko. Mumewe, Mbonea, hakubatizwa, wala hakumzuia mkewe kusali.

Mbonea alikuwa na mdogo wake, Senkondo. Baba yao alipofariki, ndugu hao waligombana juu ya mfereji ulioteremka kutoka mtoni, ukapita kwa Senkondo kabla ya kufika kwa Mbonea. Mbonea alidai kwamba mdogo wake anayakata maji njiani. Tangu hapo hawakusalimiana. Persida alimwomba Mungu awapatanishe. Aliomba akiwa na mtoto wao Eliamani mgongoni, akaomba hata mtoto huyo akapata watoto wake.

"Mungu wako bado hajajifunza Kipare?" Mbonea alimuuliza kila alipomkuta amepiga magoti.

Ikaja kiangazi kirefu. Persida akaenda kwa Filemoni, mwalimu wa kanisa.

"Mwalimu, lile ombi langu usilitaje tena ibadani. Mdomo unaomba, moyo haungoji. Naona ninamdanganya Mungu."

Filemoni akamuuliza, "Yeye umemwambia hayo?"

"Hapana."

"Basi anza na hayo, mama."

Alirudi nyumbani, akamwambia Mungu hayo hayo, bila kuongeza neno.

Zamu ya maji ya Mbonea ikafika. Mfereji ulifunguliwa kule mtoni alfajiri. Jua likapanda, na shambani hapakuwa na tone. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja. Mbonea akachukua panga, akapanda kando ya mfereji kuelekea kwa Senkondo.

"Ameyakata. Leo ataniambia yeye ni mtoto wa nani."

Persida akamfuata. "Baba Eliamani, maji ya kwanza ni ya mfereji."

Ndivyo walivyosema wenye mashamba wa huko. Mfereji uliokauka hunywa kwanza, na nyufa zikishiba ndipo maji hupita. Mwenye haraka akiufunga katikati, zamu ijayo huanza upya na nyufa zile zile. Persida alikuwa amelisema neno hilo tangu usichana wake. Siku hiyo alilisikia yeye mwenyewe. Hakusema lingine njia nzima.

Walipopita kona wakayakuta maji, membamba, yakitambaa na kuzama katika nyufa. Hayakuwa yameibwa. Wakapanda zaidi. Hapo wakamkuta Senkondo ameketi ndani ya mfereji, tope hadi kifuani, mgongo wake umeziba tundu lililochimbwa na fuko ukingoni.

"Wafanya nini hapa?" Mbonea aliuliza.

"Naziba. Zamu si yako?"

"Nani amekutuma?"

"Kaka, ukingo huu unatoboka tangu enzi za baba. Kila zamu yako ninauziba. Wewe hungojea kule chini, utanionaje?"

"Mbona hukuniambia?"

"Salamu yangu huipokei. Hayo mengine ningeyapitishia wapi?"

Mbonea alisimama na panga lake. Kisha akainama, akakata bonge la nyasi pamoja na udongo wake, akampa mdogo wake. Akakata jingine.

"Sogea," alisema. "Mgongo wako si ukuta."

Maji yalifika shambani alasiri.

Jumapili Persida alimngoja Filemoni mlangoni mwa kanisa. "Lile ombi, Mwalimu, lirudishe. Ila leo uliseme kwa kushukuru."

Kama Mbonea alibatizwa baadaye, waliosimulia hawakusema. Walichotuachia ni hiki: miaka yote hiyo Persida alitazama shamba kavu, akadhani huko juu hapajafunguliwa. Aliyefungua ni mwaminifu. Maji yalikuwa njiani, yakinywewa mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.