Mbuzi wa Mzee Semkiwa na Redio Iliyosema Vuta

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana simu zilikuwepo na wa kupiga ndio hawakuwepo, aliishi mzee aliyeitwa Semkiwa. Kazi yake ilikuwa kupiga king'ora cha kiwanda cha mkonge. Asubuhi anabonyeza kitufe, watu wanaamka. Mchana anabonyeza, watu wanakula. Jioni anabonyeza, watu wanarudi nyumbani kugombana na wake zao. Miaka thelathini. King'ora kikamla masikio, akawa anasikia tu neno lililotupwa kwa nguvu. Mkewe, Mama Mhando, hakuona tabu. Alikuwa na koo la kutosha nyumba mbili. Wakizungumza ni kelele, wakipendana ni kelele, majirani ni mashahidi.

Kiwanda kikafungwa. Mwaka uliofuata Mama Mhando akafa. Nyumba ikanyamaza.

Mzee akageukia ukuta. Presha ikapanda mpaka mia na tisini juu ya mia na kumi. Vidonge alivyopewa akavipanga chini ya godoro kama anavitunzia mgeni. Ndugu wakimletea uji, "Weka." Wakimuuliza hali, "Ipo." Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo.

Nesi Tunu wa zahanati akaja kumpima. Siku hiyo Mhando, mtoto pekee wa mzee, alikuwa hewani kutoka Dar kwenye simu ya nesi, spika imefunguliwa. Na Bi Mashavu, jirani, alikuwa nyuma ya ua anasikiliza, maana hiyo ndiyo kazi aliyojiajiri.

"Mzee!" nesi akapaza sauti. "Ukiendelea hivi kiharusi kitakuangusha kabla ya mvua za vuli. Inuka! Meza dawa!"

Mzee akajibu bila kugeuka. "Atakayenitoa kitandani hapa, yule mbuzi jike ni wake."

Mbuzi mwenyewe alikuwa na mimba. Nesi akasikia. Mhando akasikia. Bi Mashavu akasikia kuliko wote.

Sasa nesi alikuwa ametoka semina, na mtu aliyetoka semina humpiti njiani bila kufundishwa. Huko aliambiwa kwamba mwenye presha akiwa na moyo mzito, asikilizishwe sauti tulivu: mvua, kinanda, mtu wa kumwongoza kupumua. Jambo lenyewe si baya. Nesi akajirekodi, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto wa tajiri, akaitia kwenye kadi ya redio ndogo. Juu ya bahasha ya dawa akaandika: *Redio, kutwa mara tatu, baada ya chakula.*

Mhando naye akasema, "Dawa ya baba ni sauti yangu." Ungedhani atapanda basi. Akatuma salamu kwa simu, nesi akaiweka mwanzoni mwa kadi ileile.

Mzee hakuwa na haja na redio. Lakini ilikuwa na kitufe, na imeandikwa mara tatu. Mkono wa miaka thelathini ukaenda wenyewe. Akabonyeza, sauti juu mpaka mwisho.

"Baba, shikamoo. Mimi mzima. Nakuja mwisho wa mwezi."

Shikamoo haijibiwi umelala. Mzee akajiinua, akakaa. "Marahaba, mwanangu." Mhando wa kwenye kadi hakusema zaidi. Ikaanza mvua, shaa, shaa, kisha kinanda, kisha nesi: "Vuta... pumzi... taratibu... toa... pumzi."

Lile "vuta" nesi alilitamka vizuri. "Pumzi" aliipumua tu, ikafia ndani ya mvua. Na mzee, masikio ya king'ora, akasikia: Vuta!

Miaka sita zahanati ileile ilikuwa imemkataza tumbaku. Mzee akasema, "Kumbe mwishowe wamepata akili." Akateremsha miguu, akasimama, akaenda kabatini kutafuta kiko chake. Akavuta kama alivyoagizwa. Asubuhi, mchana, jioni. Baada ya chakula.

Nje, Bi Mashavu alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai. Akasikia mvua. Akakimbia, akaanua. Akatazama juu: jua la Agosti linamcheka. Akaanika tena. Mchana, shaa! Akaanua. Jioni, shaa! Akaanua. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, alipoanua jioni, akaufuata mlio mpaka mlangoni kwa mzee.

"Baba Mhando! Wewe ni nani wa kuleta mvua Agosti? Nimeanua mahindi mara tisa!"

"Nani kakwambia uanike?"

"Ala! Kumbe unasema! Tunakuombea dua kama mgonjwa, na wewe umekaa unavuta!"

"Nesi kaniandikia."

"Kakuandikia tumbaku?"

"Sikiliza mwenyewe."

Bi Mashavu akatega sikio, akapiga kofi paja lake. "Pumzi! Vuta pumzi, we mzee! Unaambiwa uvute hewa, wewe unavuta kiko!"

"Hewa naivuta tangu nizaliwe. Hiyo nayo ya kuandikiwa?"

"Kwa akili hii, ndiyo!"

Akamnyang'anya kiko, akatoka nacho. Mzee akamfuata. Akavuka kizingiti, akavuka uwanja, mpaka kwenye ua, kwa sababu hakukubali mwanamke yule awe wa mwisho kusema. Tangu msiba hakuwa amekanyaga nje.

Kesho yake asubuhi redio ikalia, Bi Mashavu akatokea, mikono kiunoni. Mzee akakaa vizuri, tayari. Bi Mashavu akamtazama tu.

"Umemeza dawa?"

"Haikuhusu."

"Basi sikutukani. Sipotezi koo langu kwa mtu atakayeanguka wiki ijayo. Meza kwanza."

Mzee akafikiri. Akainua godoro, akameza. Akatukanwa vizuri sana, akarudisha vizuri sana. Ikawa hivyo kila siku: kidonge, halafu matusi.

Wiki sita zikapita. Nesi akapima: mia na thelathini na nane juu ya themanini na nne. Siku hiyohiyo Mhando akashuka basi. Mwisho wa mwezi alioahidi ulishapita, huo ulikuwa mwingine. Hakuleta hata sukari. Kamba ya kumfungia mbuzi aliikumbuka.

"Mbuzi ni wangu," akasema. "Baba alikuwa amelala, nani alimkalisha? Shikamoo yangu. Kila siku mara tatu nilimwamkia."

"Ulimwamkia mara moja," akasema Bi Mashavu, "mara nyingine ilimwamkia kadi. Basi mbuzi apewe kadi."

"Mbuzi ni wangu," akasema nesi. "Kukaa kitandani si kutoka kitandani. Nani alimsimamisha kwa miguu yake? Sauti yangu. Na redio ni yangu, na vidonge vilivyoshusha presha niliviandika mimi."

"Vilikaa chini ya godoro miezi mitatu," Bi Mashavu akadakia, "godoro ndilo lilikuwa na presha? Na wewe ulimsimamisha akafuate tumbaku! Ungemwambia 'vuta kamba' angejinyonga. Mbuzi ni wangu. Nimemtoa kitandani, nimemtoa chumbani, nimemtoa nyumbani. Nimemmezesha."

"Lakini wewe, Mama, hukuja kumponya," nesi akamwambia. "Ulikuja kugombea mahindi. Sisi tulimtakia mema."

"Mema yenu yalimvutisha kiko!"

"Na wewe umemtukana baba yangu wiki sita!" Mhando akafoka.

"Wewe je? Ungekuja kumtukana mwenyewe, mimi ningepumzika!"

Mzee Semkiwa alikuwa kwenye kiti chake, shingo ameinyoosha, macho yanang'aa. "Semeni kwa nguvu," akasema. "Sijasikia vizuri." Wakaanza upya. Jioni wakaachana bila jibu. Kesho wakarudi. Likizo ya Mhando ikaisha, naye asiondoke, akichelea mbuzi kuchukuliwa nyuma yake. Presha ya mzee ikakaa palepale, nzuri.

Siku moja mzee akawahurumia, akasema, "Kesho naamua." Wote watatu wakanyamaza, wakaenda kungoja. Siku nzima hakuna aliyeita, hakuna aliyefoka. Asubuhi nesi akapima: mia na sitini na tano. Akapima tena. Mia na sabini.

"Sijaamua," mzee akasema haraka. "Hebu nielezeni tena, nani alinikalisha?"

Mbuzi akazaa. Mtoto wake sasa ana pembe, na kesi bado iko uwanjani.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Mmoja alimkalisha, kwa salamu aliyoituma kwa sababu basi lilimshinda. Mmoja alimsimamisha, kwa nia njema na neno lisilosikika. Mmoja alimtoa nje, kwa hasira ya mahindi yake. Je, nani alistahili mbuzi? Jibuni, lakini msijibu jibu moja, na msijibu polepole. Mzee yuko palepale kwenye kiti, anawategea sikio.