Springi ya Bastola na Mtamba Mmoja

Haya, aliyechoka akae. Na aliyekaa asinikoromee.

Katika nyumba ya Mzee Kambaita, kule tambarare chini ya milima ya Upare ambako tembo huvuna kabla ya mkulima, walikuwepo watu watatu. Mbonea, bintiye, alikuwa na sikio: chungu kikipata ufa jikoni, yeye yuko kisimani anasikia. Senzighe, mwanawe, alikuwa na subira: akikalia benchi, benchi ndilo huomba ruhusa ya kuondoka. Nakunda, mke wa Senzighe, alikuwa na jicho: hakuna kuku aliyekohoa asimwone.

Mzee naye alikuwa na bastola yenye leseni, ya kupiga hewani tu. Mahindi yakakomaa, tembo wakaja. Mzee akainua mkono, akavuta. Ka! Akabadilisha risasi, akavuta tena. Ka! Tembo akamtazama kwa huruma, akaendelea kula.

"Nimechoka," Mzee akasema. "Nusu ya shamba imekwenda. Mwenye kuirudishia bastola sauti, mtamba wangu wa ng'ombe ni wake. Ninaye mmoja tu."

Mbonea akasema, "Baba, risasi hazina kosa. Nasikia springi imekatika."

Mzee akaifungua pale uwanjani. Springi, ndogo kama ukucha, ikaruka vumbini. Imekatika kweli.

Senzighe akaenda polisi kuomba kibali cha kununua nyingine. "Mkubwa hayupo." Akakaa. "Mkubwa anakula." Akakaa. Mkubwa akashiba, akasinzia, akaamka, akamkuta palepale.

"Wewe huna kwenu?"

"Ninako, afande. Kuna tembo."

Muhuri ukagongwa.

Lakini fundi bunduki wa mjini alikisoma kibali, kisha akanyoosha kiganja. "Ya zamani iko wapi? Mimi siuzi mpya kabla sijaishika iliyokufa."

Senzighe akarudi nyumbani, soli ya kiatu kaiacha njiani. Wakapekua uwanja mpaka migongo ikalia.

"Inukeni," Nakunda akasema. "Aliimeza jogoo. Yule mwekundu, anayenyoosha shingo kama mgeni aliyepaliwa."

"Mbona hukusema?" Senzighe akauliza.

"Nani aliniuliza? Nilidhani ni takataka."

Jogoo akachinjwa. Firigisi, fungu la mwenye nyumba tangu babu na bibi, ikapasuliwa mbele ya mwenyewe. Springi hiyo! Firigisi imechanika vipandevipande.

"Sasa mimi nile nini?"

"Shingo, baba."

Senzighe akarudi mjini, akanunua, springi ikatiwa. Tembo walipokuja, Mzee akavuta. Paa! Wakatimka, na nusu ya shamba ikapona. Hakuna aliyeshangilia, kila mtu alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Bila sikio langu mngekuwa bado mnabadilisha risasi," Mbonea akasema.

"Bila makalio yangu, dada, kibali mngekiota ndotoni."

"Bila jicho langu, mume wangu, ungekuwa bado unamwonyesha fundi kiganja kitupu."

"Na firigisi yangu je?" Mzee akauliza.

Mtamba yuko zizini, anadai maji. Kila mmoja anasema, "Akanyweshwe na mwenyewe," na hakuna anayeinuka. Haya, ninyi ambao bado mko macho: mwenyewe ni nani?