Krotoni Sebuleni kwa Kiboko

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani kwa sababu hata aliyenisimulia alinifokea nilipouliza, kulikuwa na mjane mmoja aliyeitwa Bi Digidigi. Alikuwa mdogo, miguu myembamba kama njiti za kiberiti, na watoto wake pacha walikuwa bado hawajui kukimbia.

Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kijiji, njia ile ile ambayo Fisi hupita kila jioni akijidai anatembea kupunguza kitambi. Kilichowasitiri wale pacha ni ua wa krotoni. Krotoni mnazijua, ile mimea yenye majani ya rangi rangi, mengine mekundu, mengine ya njano, mengine yana madoa kama yamerushiwa rangi. Bi Digidigi alizipanda mwenyewe, kijiti kimoja kimoja, akazimwagilia maji ya kuoshea vyombo mpaka zikashikana kabisa. Watoto walilala nyuma ya ua, na Fisi akapita bila kuona kitu.

Sasa, katikati ya kijiji alikaa Mwenyekiti Kiboko. Huyu alikuwa na sebule. Msidhani ni sebule ya kukaa, ilikuwa ya kuonyesha. Makochi yalivishwa vitambaa vya kufuma, juu ya vitambaa kukawekwa nailoni, na madirisha yakafungwa mapazia mazito ya mahameli ili jua lisichujue makochi. Mwenyewe na tumbo lake alikuwa anakula uani, kwenye kigoda.

Siku moja akasikia kwamba Mkuu Tembo atazuru kijiji mvua zikiisha, na kwamba wakubwa wa siku hizi hawana sebule isiyo na mimea ndani. Akamtuma Nyati, mgambo wake, aende na jembe. Ngwa, ngwa, ngwa, krotoni kumi na mbili zikang'olewa upande wa njiani, zikatiwa kwenye makopo matupu ya rangi, zikapelekwa sebuleni.

Bi Digidigi alikimbia mpaka kwa Mwenyekiti, pumzi juu juu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Ule ua ndio unaowaficha wanangu. Fisi anapita pale kila jioni."

"Marahaba. Wafundishe kukimbia, mama," Kiboko akasema, huku akipangusa nailoni. "Maendeleo yana gharama zake."

Gharama za nani, hakusema.

Jioni hiyo Fisi alisimama mbele ya pengo. Hakuingia, kwa kuwa njiani bado kulikuwa na watu. Alisalimia kwa adabu, akasifu kwamba nyumba sasa imepata hewa, akauliza pacha wana kilo ngapi. Bi Digidigi akawasukumia wanawe chini ya kitanda, akakaa mlangoni. Aliogopa sana. Halafu akakasirika, na alipokasirika ndipo akili yake ilipoanza kufanya kazi.

Alijua kitu ambacho Kiboko hakukijua. Krotoni iliyozoea jua, ukiihamishia gizani, inasusa. Inaangusha majani na kubaki vijiti vitupu, na ukitaka ichipue vizuri uirudishe kwenye mwanga. Si uchawi wala laana, ndivyo ilivyo.

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa kijiji. Akapiga goti mbele ya watu wote, akamshukuru Mwenyekiti kwa heshima aliyoipa mimea yake, mimea ya mjane asiye na mbele wala nyuma. Kisha akainua kichwa.

"Ila nisiwafiche, ndugu zangu. Krotoni za ukoo wetu zinamjua mtu. Zikikaa kwa kiongozi wa haki, zinawaka rangi. Zikikaa kwa mwonevu, zinavua majani. Kwa Mwenyekiti wetu sina wasiwasi."

Watu wakapiga makofi. Kiboko akafura kwa raha, na mwenyewe, bila kuombwa na yeyote, akatangaza kwamba siku ya saba kila mtu aje sebuleni ajionee. Siku zote hizo pacha walilala ndani, chini ya kitanda, mlango umekomewa.

Siku ya tatu, pwata, jani la kwanza likaanguka. Kiboko akalisukuma chini ya kochi kwa mguu. Pwata, pwata. Akaleta maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka makopo yakafurika na zulia likalowa. Majani yakazidi kuanguka. Akamwita Nyati wayagandishe kwa uji wa muhogo, nayo yakajikunja na kudondoka na uji wake. Amuulize nani? Akiuliza tu, kijiji kizima kitajua zimevua.

Siku ya sita mchana akamwita Bi Digidigi apitie mlango wa nyuma. Mama wa watu akaingia, akatazama vile vijiti kumi na viwili, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Kama aliumia mbavu kwa kicheko cha ndani, hilo alilijua mwenyewe.

"Zimeona nini?" Kiboko akanong'ona.

"Mimi sijui, Mwenyekiti. Wewe ndiye uliyekaa nazo."

Kiboko akainamisha kichwa, akauliza dawa. Bi Digidigi akamwambia dawa ipo ila ina masharti. Kila krotoni irudi kwenye shimo lake, tena ichimbiwe na aliyeitamani, si aliyetumwa. Vichwa vya matawi vikatwe, vipandwe mbele yake, ua uwe safu mbili. Na mpaka majani yatoke, Nyati alinde pale usiku na mchana, maana krotoni hizi zikinuswa na Fisi hazichipui tena.

Basi siku ya saba kijiji kilipokuja kuangalia sebule, kilimkuta Mwenyekiti kapiga magoti kwenye tope mwisho wa kijiji, anachimba kwa mikono yake, vile vijiti vitupu vimelala kando. Utomvu wa krotoni umemrukia shingoni, anajikuna huku anawaeleza watu kwamba ameamua kupendezesha njia. Fisi alipita mara moja, akaiona pembe ya Nyati, akakumbuka ana safari ya mbali.

Mvua zikanyesha, jua likawaka, na ua ukashonana safu mbili, mwekundu na wa njano. Mkuu Tembo alipokuja akapewa kiti pale pale, akasifu sana. Kiboko akavimba. Watu wakanong'onezana kwamba kweli krotoni zimemsamehe, na tangu siku hiyo kila alipotaka kumnyang'anya mtu kitu, alichungulia kwanza ule ua.

Nyuma ya majani, pacha mmoja akamvuta mama yake.

"Mama, hivi kweli krotoni zinamjua mtu?"

"Hazimjui mtu, mwanangu. Zinajua jua tu. Mwenyekiti ndiye anayejijua."

Nami nimemaliza, nileteeni maji ninywe. Mkumbuke hili moja: anayejua ubaya alioufanya, hata jani likianguka hudhani limemtaja jina.